Mzazi, usimtishie mtoto kwa upendo wa Mungu

Mtoto amegoma kula, amempiga mdogo wake, au amedanganya kuhusu sare iliyochanika. Mzazi aliyechoka anatoa silaha ya mwisho: “Mungu hawapendi watoto kama wewe.” Mtoto ananyamaza. Kazi imeisha, au ndivyo inavyoonekana.

Wakristo wengi waliambiwa sentensi hiyo na wazazi wao, nao wanairithisha bila kuikagua. Tatizo lake si ukali tu. Inapingana na neno ambalo Biblia nzima imelizunguka, yaani agano.

Si mkataba wa kupanga nyumba

Mkataba kila mpangaji anaujua. Usipolipa kodi, mwenye nyumba anakutoa na vyombo vyako. Agano ni kitu kingine. Ni kiapo kinachowafanya watu wasio ndugu wawe ndugu. Wazee wetu hawakuhitaji semina ya kuelezwa hilo, kwani katika jamii nyingi za Afrika Mashariki watu wawili walichanjiana, na tangu siku hiyo shida ya mmoja ikawa shida ya mwenzake.

Kwa Kiebrania husemwa “kukata agano”, na Mwanzo 15 inaonyesha maana yake. Abramu anataka uhakika kwamba ahadi aliyopewa itatimia. Anaagizwa alete ndama, mbuzi na kondoo dume, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na kinda la njiwa. Anawapasua wanyama katikati na kupanga vipande kuelekeana, ila ndege hawapasui. Ndege wala mizoga wanashuka, anawafukuza. Jua linapotua, usingizi mzito unamshika.

Watu waliokata agano walipita katikati ya vipande, kama Yeremia 34 inavyodokeza, wakimaanisha kwamba atakayevunja na awe kama mnyama yule. Lakini usiku ule Abramu hakupita. Kilichopita ni chungu cha moto kilichofuka moshi na mwenge unaowaka, ishara za Mungu mwenyewe. Aliyejifunga ni mmoja. Ndiyo maana Wakristo wanaposoma Luka 22, Yesu akishika kikombe na kutaja agano jipya katika damu yake, wengi huona kwamba aliyeapa anabeba mwenyewe laana ya waliovunja.

Watoto watatu wenye majina mazito

Kwa mzazi, hata hivyo, kitabu cha kusoma taratibu ni Hosea. Huyu alikuwa nabii katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, karne ya 8 kabla ya Kristo. Aliagizwa amwoe Gomeri, mwanamke asiye mwaminifu, ili ndoa yake iwe picha ya Mungu na taifa lake. Walizaliwa watoto watatu: Yezreeli, kisha binti, Lo-ruhama, maana yake asiyehurumiwa, na mwisho Lo-ami, yaani si watu wangu.

Hebu fikiria kumwita mtoto huyo jina lake jioni aje kula.

Lo-ami linatamkwa mpaka leo, ila kwa Kiswahili. Binti wa sekondari anapata mimba, baba anaweka begi lake nje na kusema, “Kuanzia leo wewe si mwanangu.” Wengine huongeza kwamba ndivyo Mungu anavyotaka. Wangeendelea kusoma. Katika sura ya 2 majina hayo yanageuzwa: asiyehurumiwa anahurumiwa, wasio watu wake wanaitwa watu wake. Katika sura ya 3 nabii anatumwa kumpenda tena mwanamke ambaye wasomaji wengi humchukulia kuwa ni Gomeri. Anamkomboa kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Huenda fedha hazikutosha, ikabidi aongezee nafaka.

Sura ya 11 picha inabadilika. Mungu anazungumza kama mzazi anayekumbuka alivyomfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono. Anataja uasi wa mtoto huyo, anataja adhabu inayokuja kutoka Ashuru, kisha anajiuliza atawezaje kumwacha, na moyo wake unakataa. Mzazi aliyewahi kusubiri mlangoni usiku wa manane huku amekasirika na ana hofu atauelewa ukurasa huo bila mhubiri.

Je, basi mtoto afanye atakavyo? Hapana. Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru mwaka 722 hivi kabla ya Kristo, na manabii hawakulificha hilo. Ila katika 2 Samweli 7, Mungu anapomwahidi Daudi kuhusu mwanawe, anayaweka mawili pamoja: akikosa atarudiwa, lakini fadhili hazitaondolewa kwake. Kurudi mtoto na kumkana mtoto ni mambo mawili. Mzazi anayeyachanganya humfundisha mwanawe kuficha makosa, kwa sababu mtoto anayeamini kwamba kukosa ni kufukuzwa hatakuja kukwambia amekosa.

Fadhili hizo, kwa Kiebrania hesed, ni upendo unaoshika ahadi hata upande wa pili unapolegea. Kwa mtoto mdogo maelezo hayo ni marefu. Sema tu: “Nimekasirika, simu nakunyang’anya wiki nzima, na wewe ni mwanangu.” Usiweke “lakini” katikati.

Na kama mnasali pamoja jioni, jaribuni Zaburi 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa kiitikio kilekile kuhusu fadhili za Mungu. Mzazi asome mwanzo wa mstari, watoto waitikie. Hata asiyejua kusoma atakuwa ameshika kiitikio kabla ya mstari wa tano. Wakifika kwa Ogu, mfalme wa Bashani, watacheka jina lake. Waache wacheke, kisha endeleeni na mstari wa 21.