Mwalimu wa Bunia Asiachwe Peke Yake Darasani

Hali ya shule za Bunia inapojadiliwa, mapendekezo hurudi kuwa yale yale mawili. La kwanza ni semina: walimu waitwe ukumbini, wafundishwe mbinu mpya kwa siku chache, wapewe cheti, warudi makwao. La pili ni msaada wa kisaikolojia kwa watoto walioonja vita: waletwe wataalamu kutoka nje ya shule, wakae na watoto hao pembeni, kisha waondoke mradi ukiisha. Nia ni njema katika yote mawili. Lakini yote mawili yanampita mtu yule yule, yaani mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lake Jumanne asubuhi, ambaye mara nyingi hakuna mtu mzima aliyewahi kuketi nyuma ya madawati kumtazama akifundisha isipokuwa inspekta aliyekuja kumpa alama. Ninachodai hapa ni kwamba ualimu hauboreki, wala mwanafunzi hapati msaada wa kudumu, mpaka shule yenyewe iwe mahali ambapo walimu wanatazamana wakifundisha na kuzungumza juu ya watoto wao kila juma, ndani ya saa za kazi.

Kwa Ituri, jimbo ambalo Bunia ni makao yake makuu, jambo hili lina uzito wa pekee. Thomas Lubanga, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji hapa Ituri, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kosa la kuwaandikisha jeshini na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, katika miaka ya 2002 na 2003. Watoto wa wakati ule leo ni watu wa miaka thelathini na kitu. Wengine wa rika hilo ni wazazi wa wanafunzi wetu, na wengine ndio walimu wenyewe. Tangu mapigano yalipoanza upya katika eneo la Djugu, jimboni humu, mwishoni mwa 2017, familia zimemiminika Bunia, kambi kama Kigonze zikajaa, na shule za mji zikapokea watoto ambao masomo yao yalikatika katikati. Juu ya hayo ikaja elimu ya msingi bila malipo Septemba 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza, na madarasa yakafurika. Kwa hiyo anayetakiwa kumtuliza mtoto aliyekimbia usiku ni mtu ambaye pengine naye alikimbia, na anafanya hivyo mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni. Kumpa mtu huyo cheti cha semina na kumwacha peke yake ni kumtwika mzigo bila kumsaidia kuubeba.

Ushahidi kuhusu semina upo, na ni wa kuaminika. Katika mkoa wa North West, Afrika Kusini, watafiti waliligawa kundi la shule za msingi kwa kura mwaka 2015. Vitabu na mipango ya masomo ya kusoma kwa Kitswana vilikuwa vilevile. Tofauti ilikuwa moja tu: katika shule fulani walimu waliitwa kwenye mafunzo ya pamoja mara mbili kwa mwaka, katika nyingine mshauri aliwafuata darasani mara kwa mara. Baada ya miaka miwili, watoto wa walimu waliofuatwa darasani walikuwa wamepiga hatua karibu maradufu ya wale wa walimu wa semina. Gharama kwa kila mtoto ilikuwa kubwa zaidi, lakini faida iliizidi. Linalonigusa zaidi ni hili: walimu waliotembelewa ndio waliothubutu kuwagawa watoto katika vikundi vidogo vya kusoma, jambo gumu kuliko yote kwa mwenye darasa kubwa. Maelezo ya mbinu hiyo walikuwa nayo wote. Ujasiri wa kuijaribu, kuharibu, na kujaribu tena juma linalofuata ulihitaji mtu wa kando. Kenya nayo ilijifunza hivyo hivyo. Mradi wa PRIMR, uliotangulia mpango wa taifa wa kusoma uitwao Tusome, ulipima idadi ya shule anazopewa mshauri mmoja, na ikaonekana kwamba kumi ni afadhali kuliko kumi na tano. Tusome ilipoanza nchi nzima mwaka 2015, ilibidi pia kuhakikisha washauri hao wanarudishiwa nauli zao, kwa sababu mshauri asiye na usafiri hubaki jina kwenye karatasi.

Hapo ndipo penye kikwazo chetu. Inspekta wa Ituri hana shule kumi wala kumi na tano, ana nyingi kuliko anavyoweza kuzizungukia, na kwenye barabara ya taifa namba 27 kuelekea Mahagi wameuawa wasafiri wengi mno kiasi kwamba hakuna awezaye kumlaumu asipofika. Na hata akifika, anakuja na kalamu ya alama, na alama hiyo inaingia kwenye faili ya mwalimu. Mwalimu mwenye akili timamu siku hiyo atafundisha somo analolimudu, fishi zake za maandalizi zitakuwa zimeandikwa upya usiku, na watoto watakuwa wameonywa wanyamaze. Udhaifu wake, ambao ndio ungehitaji msaada, ataufunika. Simlaumu, kwani yeyote angefanya hivyo. Kosa liko katika kumtaka mtu mmoja awe hakimu na mganga kwa wakati mmoja. Ukaguzi wa serikali ubaki, maana wazazi wana haki ya kujua kwamba shule inasimamiwa. Ila anayemsaidia mwalimu kuboresha kazi awe mtu asiye na mamlaka juu ya cheo chake, na kwa Bunia mtu huyo aliye karibu na asiyehitaji nauli ni mwalimu wa darasa la jirani.

Je, mwanafunzi anaingia wapi? Anaingia katika kikao cha kila juma cha walimu hao wanaotazamana wakifundisha. Walimu wawili wa darasa la tatu wakishatazamana dakika ishirini, wakaongea juu ya jambo moja tu waliloliona, sehemu ya pili ya kikao iwe ya watoto: nani hakuonekana siku tatu mfululizo, nani ameacha kusema, nani anasinzia, nani ametoka kambini na hana daftari. Majina yakae kwa direkta wa shule, yasitajwe mbele ya darasa wala kwa majirani. Tuna ushahidi wa Kikongo juu ya njia ya namna hii. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Shirika la Kimataifa la Uokoaji, IRC, liliendesha mradi mashariki na kusini mwa nchi ambamo walimu walipewa vifaa vya kufundisha kusoma na kuwajali watoto, kisha wakakutana kwa vikundi katika shule zao. Watafiti walioupima huko Katanga baada ya mwaka mmoja waliona watoto wakiwahesabu walimu na shule zao kuwa wenye kujali zaidi, na kusoma kukipanda kidogo. Lakini walitoa taarifa nyingine mbili zinazopaswa kusemwa waziwazi. Watoto waliona utaratibu wa darasani umepungua, pengine kwa kuwa mwalimu anayejaribu njia mpya huvuruga kwanza desturi ya zamani. Na machungu ya ndani ya watoto, pamoja na kuonewa na wenzao, hayakupungua.

Matokeo hayo ndiyo yanayotuwekea mipaka. Wapo wanaopinga wakisema mwalimu si mwanasaikolojia, nao wamesema kweli. Mwalimu hatibu jeraha la nafsi, na akijaribu bila ujuzi anaweza kulichokonoa. Kazi yake ni kuona mapema, kuweka darasa lenye ratiba inayotabirika bila fimbo wala matusi, na kumpeleka mtoto kwa anayeweza. Bunia ina watu wa namna hiyo. Hospitali ya Karibuni Wa Mama ya shirika la SOFEPADI, kwa mfano, huwapokea wasichana na wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Tatizo ni kwamba njia kutoka darasani hadi kwenye mlango huo mara nyingi haipo: hakuna aliyekubaliana nani ampigie nani simu, nani amsindikize mtoto, na nani aongee na mama yake. Njia hiyo haihitaji mradi mkubwa. Inahitaji direkta, karatasi moja yenye namba za simu, na walimu wanaojua kwamba hawapaswi kucheka wala kunong'ona.

Pingamizi zito zaidi ni la mshahara. Walimu wa Kongo waligoma mwaka 2021, wakagoma tena 2024, na bado wapo wale tunaowaita NU, wanaofundisha bila kuwamo kwenye orodha ya malipo. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bure, wengine wamekosa hata ile prime waliyokuwa wakilipwa na wazazi. Kuwaambia watu hao wakutane zaidi, watazamane zaidi, waandike zaidi, kunaweza kusikika kama dhihaka. Ninakubali uzito wa hoja hii, na ndiyo maana ninasema ndani ya saa za kazi. Kikao kinachofanyika Jumamosi jioni bila malipo kitakufa kabla ya Krismasi, na kitakuwa kimestahili kufa. Saa moja ya juma ikatwe kwenye ratiba, madarasa mawili yasimamiwe na mtu mmoja kwa muda huo au watoto watoke mapema, na wazazi waelezwe sababu. Hakuna kikao kinachoweza kuchukua nafasi ya mshahara, na madai ya walimu yasisubiri. Lakini upweke na njaa ni matatizo mawili, na kuchelewa kutatuliwa kwa la pili hakuhalalishi kuliacha la kwanza.

Kuhusu pa kuanzia, mji una chuo cha ualimu, ISP Bunia, na una kambi ya wakimbizi wa ndani iliyobeba jina la chuo hicho hicho. Wanafunzi wa ISP wanapokwenda mazoezini hutumwa kufundisha masomo machache na kupewa alama, kisha hurudi chuoni. Wangeweza kutumwa wawili wawili katika shule zinazopokea watoto wa kambini: mmoja ashike darasa wakati titilere, yaani mwalimu mwenye darasa, anakwenda kumtazama mwenzake, mwingine awafuate watoto walioachwa nyuma katika kusoma. Shule ingepata ile saa moja inayokosekana, na mwalimu wa kesho angeanza kazi akiwa tayari amezoea kutazamwa bila kuogopa. Waratibu wa shule za Kikatoliki na za Kiprotestanti, ambao ndio wanaosimamia sehemu kubwa ya shule za jimbo, wana washauri wao na wanaweza kukubaliana na chuo bila kusubiri waraka kutoka Kinshasa. Kipimo kiwe rahisi: mwezi wa kwanza kila mtoto wa darasa la tatu atakiwe kusoma aya moja ya Kiswahili na moja ya Kifaransa, na mwezi wa mwisho atakiwe kusoma tena, sambamba na orodha ya waliopotea katikati ya mwaka na ya waliotafutwa wakarudi. Mwaka wa kwanza matokeo yanaweza kuwa madogo, na Katanga imetuonyesha kwamba utaratibu unaweza hata kuyumba. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea au kuacha usitolewe kabla ya mwaka wa pili kwisha.