Saluni au Stesheni Wagoni: Tofauti Zake Barabarani

Wakulima wengi wa skimu, wakiisha kulipwa fedha za maziwa au za viazi na kuona akiba imefika, huja ofisini kwetu na swali moja: Je, ninunue motokaa ya saluni au stesheni wagoni? Wengine huuliza bei tu, na wengine habari za petroli. Ni wachache sana wanaouliza jambo lililo kubwa kuliko hayo, yaani namna motokaa yenyewe itakavyokwenda ikiwa na mzigo, hasa barabara ikiwa na matope.

Basi na tutwae mfano wa motokaa mnayoijua nyote, Peugeot 504. Saluni yake ilitoka mwaka wa 1968, na stesheni wagoni ikafuata baadaye. Hii ya pili ndiyo iliyochukua abiria miaka mingi kutoka Nairobi kwenda Nakuru na mbele yake, na wazee wangali wakiisifu. Ukizitazama kwa mbele huwezi kuzitofautisha. Lakini chukua futi uzipime. Katika saluni, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma ni sentimeta 274. Katika stesheni wagoni ni sentimeta 290. Hizo sentimeta 16 ni kama viganja viwili, lakini dereva huziona. Motokaa iliyo ndefu hutaka nafasi zaidi ya kugeukia langoni mwa boma, na katika kona kali huchelewa kidogo kufuata usukani. Kwa upande mwingine, katika barabara iliyonyooka hutulia kuliko ile fupi.

Tofauti ya pili imo chini, mahali ambapo wanunuzi wengi hawainami kutazama. Katika saluni nyingi za 504 kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake, kwa hiyo gurudumu moja likiingia shimoni lile la pili halisumbuki. Stesheni wagoni ina ekseli nzima iliyoshika magurudumu yote mawili, nayo imekalia springi nne, mbili kila upande. Zilitengenezwa ngumu kwa sababu ya mzigo. Ndiyo maana stesheni wagoni tupu, ikipita kwa kasi juu ya murramu yenye mikunjo kama mabati, hurukaruka nyuma na mkia wake hutaka kwenda kando. Itie mzigo wa kadiri, nayo itatulia. Mtu akikuambia ya kwamba stesheni wagoni ni motokaa mbaya, muulize kwanza kama aliiendesha ikiwa tupu.

Sasa tufikie mzigo wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Motokaa ni kama mti uliolazwa juu ya jiwe: ukikandamiza ncha moja, ile nyingine huinuka. Jiwe ni ekseli ya nyuma. Weka gunia la mahindi la kilo 90 katika stesheni wagoni hiyo, sentimeta 60 nyuma ya ekseli. Magurudumu ya mbele yatapunguziwa karibu kilo 19, na ya nyuma yatabeba karibu kilo 109. Weka magunia manne hapo, na mbele utakuwa umepunguza zaidi ya kilo 74. Yasukume magunia hayo hayo mpaka yawe sentimeta 30 mbele ya ekseli, na magurudumu ya mbele, badala ya kupungukiwa, yataongezewa kilo 37. Mzigo ni ule ule, lakini motokaa imekuwa nyingine.

Mwenye saluni hana nafasi ya kuchagua hivyo. Buti lake lote li nyuma ya ekseli. Gunia moja likiwa sentimeta 80 nyuma ya ekseli huwapunguzia magurudumu ya mbele kilo 26, na mawili zaidi ya kilo 52. Usukani huwa mwepesi, na dereva asiyejua hufurahi kuuona mwepesi.

Kijana mmoja wa skimu ya huku juu alikuwa na saluni iliyonunuliwa kwa fedha za mitamba miwili. Alijaza viazi ndani ya buti mpaka kifuniko kikafungwa kwa kamba, akateremka asubuhi baada ya mvua. Penye kona alizungusha usukani, motokaa ikaendelea moja kwa moja. Akakanyaga breki kwa nguvu, magurudumu yakajifunga, akaingia mtaroni. Mwenyewe alitoka na jeraha la paji la uso, Mungu mkubwa, lakini motokaa ilikaa kwa fundi wiki tatu, na muda huo maziwa ya nyumba ile yalichukuliwa kwa baiskeli na mengi yakachacha njiani. Magurudumu ya mbele yakianza kuteleza hivyo, legeza breki na upunguze kidogo kuzungusha usukani mpaka yashike ardhi tena. Na mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Kinangop kwenda Naivasha, uanze ukiwa umekwisha kutia gia ndogo.

Stesheni wagoni nayo ina hatari yake. Ndani yake hakuna ukuta kati ya mzigo na watu. Mkebe wa maziwa wa lita 50 una uzito wa zaidi ya kilo 50 hata bila kuhesabu mkebe wenyewe, na motokaa ikisimama ghafula mkebe hausimami. Nimeona watoto wa shule wameketi kiti cha nyuma, na mikebe minne imesimama nyuma ya vichwa vyao bila hata uzi. Jambo hilo halifai kabisa. Egemeza mikebe kwenye mgongo wa kiti, ifunge kwa kamba katika vyuma vya sakafuni, na uijaze, kwa maana maziwa ya nusu mkebe hucheza katika kila kona na kuivuta motokaa pamoja nayo.

Keria ya juu ni ya vitu vyepesi: nyasi, vikapu vitupu, godoro. Magunia juu ya keria huifanya stesheni wagoni ilale katika kona, wala springi nne haziwezi kuliondoa jambo hilo.

Kabla ya kupakia tazama mipira ya nyuma. Kitabu cha motokaa huonyesha upepo wa safari tupu na upepo wa safari ya mzigo, nao wa nyuma ndio unaozidi. Ukiisha kupakia, na kama safari ni ya alfajiri, washa taa mbele ya ukuta. Ikiwa zinamulika juu kuliko zilivyomulika jana, mkia umelala mno. Hamisha magunia mbele, au liache moja nyumbani mpaka safari ya pili.