Kioo cha mbele ya treni: nani aone njia?

Leo tuongelee kitu kinachoonekana kidogo lakini kiko na somo kubwa ndani yake: kukaa mbele kabisa mu treni, nyuma ya kioo kikubwa, na kuangalia reli vile inakuja.

Kwetu hatujakizoea. Reli ilifika Lubumbashi mu 1910, na mpaka leo treni ya abiria inavutwa na mashini iliyo mbele, mabehewa yanafuata. Dereva njo anaona njia. Sisi wengine tunaona pembeni tu: miti, vichuguu, nyumba, watu wanaouza. Lakini pembeni na mbele si sawa. Pembeni, vitu vya karibu vinapita mbio mpaka macho yanachoka. Mbele, kuko nukta moja ya mbali ambayo inatulia, na kila kitu kinatoka pale, kinakua pole pole, halafu kinapita ghafla. Tena, ukiwa mbele unaona kona mbele mwili haujaisikia. Macho na mwili vinakubaliana, njo maana wengi wanaosikia kichefuchefu safarini wanapata nafuu wakitazama mbele.

Sasa swali la mainjinia lilikuwa hili: kama abiria anakaa mbele, dereva akae wapi? Majibu yalikuwa matatu.

La kwanza, kumupandisha dereva juu. Italia ilifanya hivyo mu 1953 na treni ya Settebello, kati ya Milano na Roma. Dereva alikaa mu kachumba kadogo juu ya paa, na chini yake abiria walikuwa na sebule yenye vioo pande zote. Japani wakafuata: kampuni ya Meitetsu mu 1961, halafu Odakyu mu 1963 na treni zake za Romancecar, zinazotoka Tokyo kwenda milima ya Hakone. Mu Romancecar iliyoanza 2018, dereva anapanda ngazi inayoshuka kutoka darini, abiria wanamuangalia, halafu ngazi inarudishwa juu.

La pili, kumuacha dereva mbele na kuweka ukuta wa kioo nyuma yake. Njo vile Ujerumani walifanya na ICE 3 tangu 2000. Abiria wa viti vya mbele wanaona reli juu ya bega la dereva, kwa mwendo wa kilometa 300 kwa saa. Dereva akitaka kutulia, anabonyeza kitufe na kioo kinakuwa cheupe kama maziwa.

La tatu, kuondoa kabisa chumba cha dereva. Kompyuta inaendesha, kiti cha mbele kinabaki cha kila mtu. London iko nayo tangu 1987 kwenye reli ya Docklands, Paris tangu 1998 kwenye laini ya 14 ya metro, Copenhagen tangu 2002. Na sisi Wakongo tuko na sababu ya pekee ya kujua laini ya 4 ya Paris, juu ndiyo inafika Château Rouge, mtaa ambako ndugu zetu wanaenda kutafuta pondu na samaki wa kukauka. Tangu mwisho wa 2023 treni zake zote zinaenda bila dereva. Mama anayetoka sokoni na mifuko yake anaweza kukaa mbele na kuona njia nzima ya chini ya udongo.

Mtu atasema: hayo ni ya nchi zenye reli kubwa. Hapana. Reli ya Meitetsu na ya Odakyu iko na upana wa milimita 1067, sawasawa na ile ya Katanga. Wembamba wa reli si sababu. Ni uamuzi: mtu alikaa, akachora, akasema abiria naye anastahili kuona.

Uamuzi huo uko na bei yake. Mbele njo panapogonga kwanza. Meitetsu walilazimika kuweka kioo kinene na vizuizi vya mafuta vya kupunguza nguvu ya mgongano, juu ya malori yanayokatiza reli. Na treni mpya za ICE zilizokuja nyuma ya ICE 3 ya kwanza hazina tena ile sebule ya mbele.

Lakini faida kubwa ya kile kiti si uzuri peke yake. Ni kuelewa. Treni inayokimbia kilometa 100 kwa saa inaweza kuhitaji zaidi ya nusu kilometa ili isimame, juu chuma kinateleza juu ya chuma. Ukikaa mbele unaliona hilo kwa macho: unaona mtu mbali anavuka, honi inalia, na unahesabu mwenyewe kwamba asipotoka, hakuna breki ya kumuokoa. Hapa kwetu watu wanatembea kwenye reli na kutandika biashara kando yake, wakifikiri dereva ataona na kusimama. Dereva anaona, ndiyo. Kusimama njo hawezi. Kama kila kijana angekaa mbele mara moja, hakuna angeendelea kuweka meza yake pale.

Kwa hiyo, ukipata siku moja treni ya namna hiyo, fika mapema na uchague kiti cha mbele. Usipige picha na mwanga wa simu, kioo kitakurudishia sura yako tu. Tazama mbali, tafuta taa za njia, ona vile reli inapanda na kushuka. Na mtoto akifika, umupishe. Pengine ni yeye atakayechora treni ya kwetu.