Laini ya Simu ya Mezani Ushago Haimaanishi Una Intaneti: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Una nyumba ushago, pande za Shinyalu, Malava au Navakholo, na unataka intaneti ya kudumu, si bando la kuisha kabla ya jioni. Pengine mtoto yuko chuo na ana madarasa ya mtandaoni. Pengine unafanyia kazi nyumbani, au duka lako linapokea malipo kwa simu kutwa nzima. Halafu mtu anakuambia: "Si mko na waya wa simu ya mezani wa enzi za Posta? Tafuta fundi aweke modemu, mambo yaishe."

Ushauri huo unasikika rahisi, lakini unaweza kula pesa zako bila kukupa hata video moja ya kuangalia. Leo tunaeleza kwa nini, njia zipi nyingine zipo Kakamega, na namna ya kujua kama intaneti itashika kwako kabla hujatoa shilingi.

Waya huo uliwekewa sauti

Laini nyingi za simu za mezani nchini ziliwekwa wakati wa Shirika la Posta na Simu, lile lililogawanywa mwaka 1999 tukapata Posta Kenya, Telkom Kenya na tume ya mawasiliano. Kazi ya waya ule wa shaba ilikuwa kubeba sauti ya mtu, na sauti haihitaji nafasi kubwa: simu ya mezani hutumia masafa yasiyozidi hata hetsi 4,000.

Intaneti ya ADSL, ile inayopita kwenye waya huohuo, hutumia masafa hadi zaidi ya hetsi milioni 1. Masafa ya juu namna hiyo huchoka haraka njiani. Ukiwa karibu na kituo cha simu, ADSL2+ inaweza kufika Mbps 24. Ukiwa kilomita 5, unaweza kubaki na kasi ndogo sana, au laini ikawa inakatika kila mara. Sasa fikiria nyumba ya Shinyalu ambayo waya wake unaanzia kituo cha Kakamega mjini. Umbali peke yake umeshaharibu mambo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Hata waya ungekuwa mpya, kituoni lazima kuwe na mashine maalum ya kutuma intaneti kwenye laini yako. Kama haipo, modemu yako itawaka taa na kukaa hivyo tu. Kwa hivyo ukiinua simu ukasikia mlio, usifurahi bado. Mlio unaonyesha sauti inapita, basi.

Mvua, radi na wezi wa shaba

Kakamega ina mvua nyingi, mahali pengine karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na radi zake zinajulikana Kenya nzima. Maji yakiingia kwenye maungio, shaba huota kutu. Sauti inaweza kuendelea kupita ikiwa na mikwaruzo, lakini intaneti haivumilii maungio mabovu. Radi nayo hufuata waya hadi ndani ya nyumba na kuunguza kifaa.

Halafu kuna wizi. Nyaya za shaba zilikatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu kwa miaka mingi, na uharibifu wa mali ya umma ulifika mahali serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa muda mwezi Januari 2022. Telkom yenyewe ilikuwa imeanza kuwapa wateja simu za mezani zisizotumia waya tangu miaka ya 2000. Mtu akikuahidi leo kwamba "atafufua" laini ya shaba kijijini, muulize: waya utatoka kituo gani, na mashine ya intaneti iko hapo?

Kebo ilifika Mombasa, si langoni kwako

Mwaka 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Serikali nayo ilijenga mkongo wa taifa wa faiba, NOFBI, unaopita kwenye kaunti. Ndiyo maana mjini Kakamega hali ni nzuri kuliko zamani. Tatizo la ushago ni kile kipande cha mwisho, kutoka barabara kubwa hadi boma lako. Na kipande hicho ndicho unacholipia.

Leo kuna njia tatu kuu za kukivuka:

1. Faiba. Ndiyo bora ikiwa inapita karibu. Mara nyingi hupitishwa juu ya nguzo, hata za stima. Usiamini "itafika mwezi ujao". Uliza kama nyumba ya jirani tayari imeunganishwa.

2. Rauta ya 4G au 5G. Inatumia mnara wa simu kama simu yako. Kwa nyumba nyingi za kijijini, hapa ndipo pa kuanzia. Maadui zake ni milima, miti mirefu na paa la mabati, ambalo huzuia mawimbi. Wakati mwingine antena ndogo ya nje inayoelekezwa mnarani ndiyo huokoa mambo.

3. Setilaiti. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya mwezi Julai 2023. Haihitaji mnara wala waya wa simu, ila inataka anga wazi bila miti juu. Kifaa chake ni ghali kuliko rauta ya kawaida na hula stima zaidi, jambo la kufikiria kama unatumia sola.

Pima siku tatu kabla ya kulipa

Usinunue rauta kwa sababu ya bango la barabarani. Kupima hakuhitaji fundi:

- Azima au nunua laini za mitandao miwili au mitatu, weka bando la siku kwa kila moja.
- Pima kasi kwa programu ya kupima intaneti, ukiwa mahali rauta itakaa, si kule nje chini ya mwembe unakoshika netiweki vizuri.
- Pima asubuhi, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Usiku ndipo watu wote wako mtandaoni na mnara umelemewa. Namba ya usiku ndiyo ya kuamini.
- Kama mvua imenyesha, pima tena.
- Andika namba zote kwenye daftari.

Usichanganye Mbps na MB. Mbps 4 si MB 4 kwa sekunde, ni nusu MB. Faili ya GB 1 itachukua kama dakika 33 kushuka. Video ya HD inataka kama Mbps 5, kwa hivyo ukipata Mbps 2 usiku, mtoto anaweza kusoma na kutuma kazi zake, lakini nyumba nzima haitaangalia video pamoja.

Je, hesabu inaingia?

Tuseme kifaa ni shilingi 6,000 na ada ya mwezi ni 2,500. Mwaka wa kwanza utalipa 36,000. Kama nyumba yenu inanunua bando za shilingi 100 kila siku, kwa mwaka mnatumia 36,500. Hapo intaneti ya nyumbani ina maana, na kuanzia mwaka wa pili mtaona nafuu. Lakini kama mnatumia shilingi 30 kwa siku, ambayo ni 10,950 kwa mwaka, tulia kwanza. Pesa hizo zina kazi nyingine. Weka bei halisi za kampuni unayoitaka mahali pa hizi zetu, halafu uamue.

Ukiamua kulipa, lipa hivi

Hapa ndipo watu wengi huumia, na hapa ndipo tunaweza kukusaidia zaidi.

- Lipa kampuni, si namba ya fundi. Tumia Paybill au Till iliyo kwenye karatasi au tovuti rasmi ya kampuni. Fundi akisema "nitumie kwa namba yangu nikulipie", kataa kwa heshima.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linaloonekana kwenye skrini likiwa tofauti na la kampuni, simama hapo hapo.
- Andika namba ya akaunti vizuri. Kosa la tarakimu moja linaweza kulipia intaneti ya mtu mwingine.
- Usilipe miezi mingi mbele. Mwezi mmoja wa kwanza unatosha kujua ukweli. Uliza pia kama kifaa kinarudishwa ikiwa huduma haishiki, na upate jibu kwa maandishi.
- Tunza meseji zote za malipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiwa na malalamiko, meseji ndiyo ushahidi wako, kwa kampuni na hata kwa Mamlaka ya Mawasiliano, inayotoa leseni kwa watoa huduma na kupokea malalamiko ya wateja.
- Usimpe mtu PIN yako. Hakuna fundi wa intaneti anayehitaji PIN yako kuunganisha rauta.

Na kama majirani watatu mnataka kuchangia laini moja kama chama, soma masharti kwanza. Kampuni nyingi haziruhusu kuuza tena huduma ya nyumbani. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na jamii, kwa hivyo kuna njia halali ya kufanya hivyo kama kijiji.

Jambo la mwisho kwa watu wa Kakamega: radi ikianza kunguruma, chomoa rauta kwenye stima. Kama bado kuna waya wa zamani wa simu unaoingia nyumbani na hautumiki, usiukate mwenyewe. Piga simu kwa mwenye laini aje auondoe.

Wikendi hii ukienda ushago, beba laini mbili na daftari. Pima saa tatu usiku ukiwa sebuleni. Namba utakayoandika itakuambia kama utoe pesa au uziache kwenye simu.