Malkia wa Saba na njiti ya chelewa

Juma hili sizungumzi siasa wala bei ya dola. Nazungumza keki. Wapo watakaosema mzee huyu maneno yamemwishia, lakini nawaomba subira kidogo, kwani keki yenyewe imekwisha kula fedha za upatu za mtoto wa watu, na mtoto mwenyewe ni mpwa wangu.

Mpwa wangu huyu, mtoto wa dada yangu, anakaa Chukwani, kusini mwa mji, ukishauacha uwanja wa ndege ukashika njia ya pwani. Siku hizi ukitaja Chukwani watu wanafikiria Baraza la Wawakilishi. Wazee wao wanafikiria kasri la Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na magofu yake yapo hadi leo. Yeye yupo baina ya hayo mawili, na oveni yake ya umeme aliyoinunua kwa zamu ya upatu, anaoka keki za siku ya kuzaliwa na za harusi. Anaijua kazi yake. Keki zake nimezila na sina la kuzitia ila.

Basi siku moja mwenye nyumba moja ya wageni alimwagiza keki nne za aina ambayo hakupata kuioka. Kwa Kifaransa inaitwa Reine de Saba, yaani Malkia wa Saba: keki ya chokoleti na lozi, fupi, nyeusi, haina krimu wala maua. Akapewa karatasi ya vipimo. Akaoka moja ya kuonjesha. Mwenye nyumba akakata kipande, akatafuna, akasema, "Kavu." Akaoka ya pili, akaitoa mapema kidogo, dada yangu akachomoa njiti ya chelewa kwenye ufagio mpya, akaichoma keki katikati, njiti ikatoka na tope. "Mwanangu, mbichi hii, utawaua watu." Ikarudi ndani. Ilipopoa ilikuwa kama tofali. Lozi zimekwisha, chokoleti imekwisha, na zamu ijayo ya upatu ameshaikopea. Ndipo akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Wewe umekaa Ulaya. Hebu nambie, keki gani hii isiyotaka kuiva?"

Mimi si mpishi, lakini katika ujana wangu nilipokuwa nikisoma huko, mwenye nyumba niliyepanga kwake alikuwa akiioka keki hii karibu kila mwezi, nami kazi yangu ilikuwa kumenya lozi. Kwa hiyo nilichomwambia mpwa wangu ndicho nitakachokwambia na wewe.

Kwanza huyo malkia. Hapa kwetu hana haja ya kutambulishwa. Waliopita chuoni wanamjua kutoka Suratun-Naml, hudhud alipomletea Nabii Suleiman habari zake, na wafasiri wanamwita Bilkisi. Wanaosoma Biblia wanamkuta katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 10. Wahabeshi wao wanamwita Makeda na wanamhesabu kuwa mama wa wafalme wao. Wafaransa wakaipa keki jina lake. Nje ya Ufaransa imejulikana sana kwa kitabu cha upishi cha mwaka 1961 cha Mmarekani Julia Child na wenzake wawili wa Kifaransa, Simone Beck na Louisette Bertholle, ambacho kiliwafundisha akina mama wa Marekani kupika vyakula vya Kifaransa jikoni kwao.

Vipimo ni vidogo. Kwa chombo cha upana wa sentimita 20: chokoleti nyeusi gramu 115, siagi gramu 115, sukari gramu 130, mayai 3, lozi zilizosagwa theluthi moja ya kikombe, unga wa ngano nusu kikombe, na vijiko viwili vya kulia vya kahawa kali. Wafaransa wengi hutia ulevi badala ya kahawa. Kahawa inatosha, na kwa ulimi wangu ndiyo bora. Hamira hamna, bekingi pauda hamna. Linaloiinua keki hii ni hewa tu, hewa unayoifunga wewe kwa mkono wako ndani ya ute wa mayai.

Sasa tusikimbie, maana hapa ndipo fedha zinapopotea. Chokoleti nyingi inayouzwa madukani kwetu kwa kupikia si chokoleti hasa. Imetengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea badala ya mafuta ya kakao, kwa sababu hayo hayayeyuki ovyo kwenye joto letu. Geuza pakiti usome. Kama haikutajwa siagi ya kakao, iache kwa keki za watoto. Vivyo hivyo siagi. Ile ya kopo ambayo sote tumekua tukiiita siagi ni majarini, na keki hii, ambayo karibu moja ya tano yake ni siagi, haina pa kuificha ladha ya majarini.

Lozi unazitia katika maji ya moto dakika moja, unazibinya, ganda linaruka lenyewe. Zikaushe vizuri, kisha zisage pamoja na kijiko kimoja cha ile sukari, ili sukari inywe mafuta, la sivyo utapata uji. Unaweza kuzitwanga kinuni, ila si kinu cha thomu, nakuomba. Nikiwa mdogo tulivunja kungu kwa mawe chini ya mkungu tukala kokwa zake, na ladha yake haiko mbali sana na lozi, lakini kupata theluthi ya kikombe utavunja mawe mpaka Magharibi. Korosho zinafaa zaidi. Keki inakuwa laini na yenye utamu wa maziwa. Karanga hapana. Keki ya karanga inaweza kuwa tamu, lakini mwenye kuiuza kwa jina la Malkia wa Saba anamdanganya mnunuzi.

Kuna jambo ambalo karatasi ya vipimo haikumwambia mpwa wangu, kwa kuwa iliandikwa na watu wa nchi za baridi. Inasema piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Siagi hupokea hewa inapokuwa laini lakini baridi, joto la nyuzi 20 hivi. Chukwani wakati wa Kaskazi, mchana, nyuzi 30 zinapita. Siagi inakuwa mafuta kabla hujaigusa, na mafuta hayashiki hewa. Dawa yake ni kuoka alfajiri, au kuliweka bakuli ndani ya beseni la maji yenye barafu huku unapiga. Ikishakuwa nyeupe tia viini vitatu, kimoja kimoja.

Chokoleti na kahawa viyeyushe katika bakuli juu ya sufuria ya maji moto, si juu ya moto wenyewe. Kahawa itie yote tangu mwanzo. Tone moja tu la maji likiingia kwenye chokoleti iliyokwisha yeyuka peke yake, hushikana ikawa kama tope la mchanga. Ikishayeyuka iache ipoe kidogo, changanya na siagi, kisha lozi.

Ute unapigwa peke yake, na bakuli liwe kavu lisilo na mafuta hata chembe. Kiini kidogo tu kikiponyokea humo, povu halisimami. Piga mpaka lisimame kama kilele, ukimalizia na kijiko cha sukari. Tia robo ya povu kwenye chokoleti kuilainisha, halafu povu lililobaki na unga kwa zamu, ukipitisha mwiko kutoka chini kuja juu, pole pole. Ukikoroga, hewa yote uliyoihangaikia inatoka.

Mpwa wangu haya yote aliyafanya sawasawa. Kosa lake lilikuwa kwenye njiti.

Sisi tumefundishwa kwamba keki imeiva njiti ikitoka kavu. Kwa keki ya unga mwingi ni kweli. Lakini hii ina unga mdogo sana, na kinachoishikilia ni chokoleti na siagi. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini ya joto la mwili wako, na siagi ni jirani yake. Kwa hiyo keki ikiwa bado ya moto, katikati yake ni majimaji hata kama mayai yameshashikana, na mayai huanza kushikana baada ya nyuzi 60 tu. Lile tope lililomtisha dada yangu lilikuwa chokoleti iliyoyeyuka. Ikipoa, ile chokoleti inaganda tena na kuikaza keki. Ukingoja njiti ikauke motoni, basi umeikausha mara moja kwa moto, na inakuja kukaza mara ya pili inapopoa. Ndiyo tofali lile.

Katika kile kisa, Malkia alipoingia kwenye jumba la Nabii Suleiman aliona sakafu akadhani ni maji, akapandisha nguo, kumbe ni kioo. Keki yake ni kinyume: juu sakafu, ndani maji.

Basi nikamwambia atumie njiti mbili. Moto wa nyuzi 180, dakika 25 hivi. Njiti ya kwanza ichomwe karibu na ukingo, vidole vitatu kuingia ndani: hiyo itoke kavu. Ya pili ichomwe katikati: hiyo itoke imepakaa. Ukitikisa chombo, ukingo utulie na katikati pacheze kidogo. Hapo toa, hata kama moyo haujaridhika. Iache dakika 10 ndani ya chombo ndipo uipindue.

Siku ya kuoka tena, saa kumi na moja alfajiri, keki ya kwanza iko motoni dakika ya kumi na mbili, umeme ukakatika. Keki ya hewa haisubiri. Hapo ndipo dada yangu, aliyekuwa kaa kitako akinung'unika kuhusu mayai mabichi, alipoinuka akawasha seredani.

Watu wa Unguja wamekuwa wakioka kwa kupalia kabla oveni haijajulikana majumbani. Mkate wa mayai unaokwa hivyo: mayai na sukari vinapigwa mpaka vinakuwa vyeupe na vizito, unga na hiliki juu yake, sufuria ikafunikwa kwa bati na makaa yakawekwa juu na chini. Na huo nao, asili yake, hauna bekingi pauda. Ni hewa ya mayai ile ile. Ujuzi huo uliwafaa sana watu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu gizani. Waya wa umeme wa wakati huo, uliolazwa baharini mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni bara, uliibukia Fumba, hapo mbele ya Chukwani. Mwingine mkubwa zaidi uliwekwa mwaka 2013. Lakini makaa dada yangu hajaacha kuyaweka akiba.

Keki ya dakika kumi na mbili haikuokoka. Ilishuka katikati, wakaila wenyewe. Zile nne zilizofuata zilipaliwa. Moto wa chini ulikuwa mdogo sana, makaa mawili matatu na majivu juu yake, kwa kuwa chokoleti na sukari huungua upesi kitakoni, na moto wa juu ukazidi. Dada yangu aliinusa. Saa hakuitazama. Harufu ya chokoleti ilipojaa ua, akaamuru njiti mbili.

Mwenye nyumba ya wageni alichukua mbili tu. Alikuwa ameshachoka kungoja, akaagiza nyingine Dar es Salaam. Mpwa wangu amerudisha gharama za lozi, upatu bado unamdai. Hesabu yenyewe ni ngumu: lozi, sehemu kubwa ya zile za dunia zinatoka California, na kakao mwaka 2024 ilipita dola 10,000 kwa tani katika masoko ya dunia. Kakao tunalima nchini mwetu, Kyela na Kilombero, lakini nyingi inasafirishwa ikiwa punje, nasi tunainunua tena imekuwa kipande ndani ya karatasi ya kung'ara. Sasa anajaribu korosho, na anaiuza kwa jina la korosho.

Yule mwenye nyumba amemwagiza tena, moja kila Ijumaa. Aioke Alhamisi, kwa kuwa siku ya pili ladha inakuwa nzito zaidi, na aifunike bakuli kuilinda na sisimizi. Dada yangu bado anasema haijaiva. Jumapili iliyopita niliposhuka kwao alikula vipande viwili na kahawa, akanifungia cha tatu nije nacho mjini.