Kishona nguo

Wajukuu zangu, ukikatiza shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa hapa Nyangoto, utazame pindo la sketi au suruali yako. Vile vijiti vyeusi vilivyoganda ni mbegu za kishona nguo. Chomoa kimoja, kisogeze karibu na jicho. Nchani kuna meno mawili au matatu, na kila jino lina vimiiba vilivyoelekea nyuma. Ndiyo maana huingia kitambaani upesi, kutoka ni ubishi. Mbuzi, ng'ombe na wewe mwenyewe ndio wachukuzi wake. Asili yake ni Amerika, lakini leo mmea huu umeenea karibu kila nchi ya joto.

Ua lake ni dogo: manjano katikati, na mara nyingi vipande vyeupe pembeni. Lipasue kwa kucha. Utakuta vijiua vingi vimebanana, maana mmea huu ni wa ukoo mmoja na alizeti. Mche mmoja unaweza kuzaa mbegu zaidi ya 3,000, basi mkulima akiukasirikia, ana haki.

Hata hivyo wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki waliuthamini sana. Mtu akijikata na panga mbali na nyumbani, alichuma majani mabichi, akayafikicha viganjani mpaka yakatoa maji ya kijani, akayakamulia kwenye jeraha ili damu ikome. Tena maabara zimeonyesha kwamba mmea huu una kemikali zinazoua baadhi ya bakteria. Majani machanga yalipikwa mboga pia, hasa wakati wa njaa.

Lakini hapa kwetu nawasihi sana. Kishona nguo hunyonya kilichomo ardhini, kizuri na kibaya. Watafiti wamekuta hukusanya kadimiamu, metali yenye sumu, hadi kwenye majani. Nasi tu majirani wa mgodi wa North Mara, unaotoa dhahabu tangu 2002, na sumu ya udongoni haionekani kwa macho. Msichume cha kula wala cha kutibu kwenye vifusi, wala pale wachimbaji wadogo wanapochenjua dhahabu kwa zebaki. Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, likandamize kwa kitambaa safi, kisha uende zahanati waangalie kama unahitaji chanjo ya pepopunda, kwa sababu vijidudu vyake hukaa kwenye udongo huohuo wa shambani.