Bingwa wa Magonjwa ya Ndani: Daktari Anayeanza kwa Maswali

Mtu mzima akivimba miguu, chanzo kinaweza kuwa moyo, figo au ini. Kinaweza hata kuwa dawa ya presha anayomeza kila siku, kwani amlodipini huwavimbisha miguu baadhi ya watu. Kila chanzo kina tiba yake, na ukikosea chanzo umekosea tiba. Kuvichambua vyanzo hivyo ndiyo kazi ya daktari bingwa wa magonjwa ya ndani.

Bingwa huyu hutibu watu wazima na hafanyi upasuaji. Huanza kwa kuuliza. Usiku unalalia mito mingapi? Asiyeweza kupumua vizuri mpaka aegemee mito mitatu humfanya daktari aushuku moyo, maana moyo uliodhoofika huacha maji yakusanyike mapafuni. Mkojo una povu jingi? Huenda figo zinavujisha protini. Macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji? Ini nalo linaingia kwenye orodha ya washukiwa. Kisha huitazama mishipa ya shingo, hugonga kifua kwa vidole, huubonyeza mguu aone kama panabaki shimo, na kuusikiliza moyo kwa stetoskopu, chombo alichokibuni Mfaransa René Laennec mwaka 1816.

Vipimo vya damu, mkojo na picha ya moyo huja baadaye, kila kimoja kikiwa na swali la kujibu. Mgonjwa anayeomba apimwe kila kitu anaweza kumaliza fedha zake na bado asijue anaumwa nini.

Safari ya kuupata ubingwa huo ni ndefu. Nchini Tanzania, kijana aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na cha sita husomea shahada ya udaktari kwa miaka 5. Hufuata mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini, akizunguka idara mbalimbali: upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya ndani. Shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) huchukua miaka 3 zaidi. Jumla ni miaka 9, na wengi hufanya kazi kwanza kabla ya kurudi masomoni. Hospitali za KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza nazo hufundisha mabingwa.

Miaka hiyo 3 ya mwisho huishia zaidi wodini kuliko darasani. Wakati wa raundi ya asubuhi, mwanafunzi husimama kando ya kitanda na kueleza historia ya mgonjwa mbele ya walimu wake, nao humbana. Kwa nini unasema ni kifua kikuu na si saratani? Dawa hii utampa kiasi gani, ikiwa figo zake zimechoka? Usiku ana zamu, na katikati ya yote hayo anatakiwa kufanya utafiti na kuandika tasnifu. Ni mafunzo magumu, na inafaa yawe hivyo.

Baadhi huendelea na kuwa wabobezi wa moyo, figo au mfumo wa chakula. Tunawahitaji sana. Lakini anayemtazama mgonjwa kwa ujumla wake ana thamani ya pekee, hasa sasa ambapo mgonjwa mmoja hukutwa na kisukari, presha na figo dhaifu kwa pamoja. Mgonjwa wa namna hiyo akinunua diklofenaki dukani kwa ajili ya maumivu ya goti, dawa hiyo inaweza kumpandisha presha na kuziumiza figo. Kliniki ya mifupa ikimtazama goti, na ya kisukari ikamtazama sukari tu, hatari hiyo inaweza kupita bila kuonekana. Bingwa wa magonjwa ya ndani huziweka dawa zote mezani na kuuliza ipi inagombana na ipi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Unapokwenda kumwona daktari huyu, beba dawa zako zote pamoja na paketi zake, majibu ya vipimo vya zamani na kadi ya kliniki. Mwambie pia kuhusu dawa za mitishamba unazotumia, bila kuona haya. Na dawa ya presha usiiache kwa sababu tu unajisikia vizuri. Muulize yeye kwanza.